Naomba ushauri: nisomeje kura za mtaa wetu bila kuwasingizia watu?

Wakuu, habari zenu. Nina matokeo ya vituo vya kura vya mtaa wetu kwa chaguzi tatu, nataka kuelewa watu wanaegemea wapi. Kituo kimoja kimeninyima usingizi: asilimia ya chama kinachoshinda imepanda kila mara. Nikadhani kinazidi kupendwa. Kuhesabu kura zenyewe, zimeshuka! Kumbe wapiga kura wa wapinzani wake ndio waliopungua zaidi. Kidogo niandike uongo.

Sasa naogopa hata hili la vijana. Kituo chenye vijana wengi kimechagua upinzani. Je, ni vijana waliouchagua, au wazee wao? Mwaka 1950 mwanasosholojia W. S. Robinson alionyesha mtego huu, wa kumhukumu mtu mmoja mmoja kwa takwimu za kundi, kwa takwimu za Marekani: majimbo yenye wahamiaji wengi yalikuwa na sehemu kubwa zaidi ya watu wanaojua kusoma, ilhali wahamiaji wenyewe walikuwa nyuma kwa kusoma.

Kura ni siri, na sitaki jirani ajione anachunguzwa. Aliyewahi kufanya kazi hii, nianzie wapi? Dodoso lisilo na majina linatosha? Na kituo kilichogawanywa kati ya uchaguzi mmoja na mwingine, nakilinganishaje na cha zamani?