Naunda Liemba ndogo ya stimu ya rimoti, boila inavuja na meli inalala upande, msaada wakuu

mwana_ujiji:
Habari za jioni wakuu. Mi niko Kigoma, riziki yangu ni mageti na madirisha ila tangu mwaka jana nahangaika na kitu ambacho mke wangu anakiita ugonjwa, naunda Liemba ndogo ya rimoti inayotembea kwa stimu ya kweli, maji yanachemka ndani, moshi unatoka, sio mambo ya betri. Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, huku hakuna asiyeijua, Mjerumani aliileta vipande vipande kwenye makasha 5,000, ikaungwa hapahapa, ikaingia majini 1915 kwa jina la Goetzen, 1916 wakaizamisha wenyewe adui asiipate, 1924 Mwingereza akaiibua na 1927 ikarudi kazini na jina hili. Tangu miaka ya 70 inakula dizeli, ndo maana yangu nataka ianzie ilikoanzia yenyewe.

Skeli ni 1 kwa 50, kwa hiyo inakaribia mita moja na nusu, upana sm 20. Mataruma (mbavu za meli) ya mbao, nje nimepaka faiba. Boila ni bomba la shaba la inchi 4, urefu sm 20, ncha mbili nimeziba na sahani bapa za shaba, nimelehemu na ule waya wa mafundi redio. Jiko ni gesi ya viberiti kwenye kitanki kidogo. Injini ina silinda mbili zile zinazojitikisa zenyewe, hazina valvu. Rimoti nimeng'oa kwenye gari la mtoto.

Sasa matatizo. Nataka ifanye kazi kwa bar 3, ila geji ikifika bar 2 boila inaanza kudondosha kwenye kiungo cha mbele, nikirudia kulehemu inahamia nyuma. Pili, nikiiweka majini inalala kulia, nikiisukuma kidogo isimame inaenda kulala kushoto, nimehamisha betri mara nne sijaona tofauti. Je nikipiga gundi ya epoksi juu ya kiungo itashika? Jumapili nimewaahidi watoto wa mtaani tunaishua.

fundi_baridi:
Mkuu zima moto kwanza halafu usome. Mi nafanya friji na AC Morogoro, mabomba ya shaba ndo ugali wangu. Hiyo lehemu ya redio inayeyuka kwenye nyuzi 183 hivi. Stimu ya bar 3 peke yake ina kama nyuzi 144, maana yake lehemu yako tayari iko hoi kabla maji hayajapungua, sasa siku maji yakiisha moto bado unawaka, ncha inatoka kama risasi. Na epoksi ndo usahau kabisa.

Piga hesabu hii: sahani ya sm 10 ina eneo la kama sm za mraba 78, kwa bar 3 inasukumwa na nguvu ya kilo 240 hivi. Hayo ni magunia mawili na nusu ya mahindi yamekaa juu ya lehemu ya redio!! Mwili wa bomba hauna shida, duara lina nguvu, kinachokufa siku zote ni ncha bapa. Kwa hiyo fanya hivi, kunja kingo za sahani ziwe kama sufuria ndogo inayoingia ndani ya bomba, pitisha fimbo za shaba kutoka ncha moja hadi nyingine zishikane pande zote, halafu unga vyote kwa silva, yaani lehemu yenye fedha, ile ya asilimia 45 na kuendelea na poda yake. Inayeyuka juu ya nyuzi 600 kwa hiyo andaa moto wa maana, kitochi cha kiberiti hakitoshi. Rodi zetu za friji zina fosforasi, kwa boila sikushauri, na kwenye chuma zinakatika kama biskuti. Ukiuziwa silva ya zamani yenye kadimiamu usinunue, moshi wake ni sumu. Pale unapofunga geji na valvu ya usalama usiweke brasi, maji ya moto yanakula zinki yake taratibu inabaki kama sifongo, tafuta bronzi.

Kupima sasa. Jaza maji BARIDI mpaka hewa yote itoke, pampu kwa mkono mpaka mara mbili ya presha utakayotumia. Maji hayabanwi kama hewa, kikipasuka kitu kinadondosha tu basi. Ila ukipima kwa kompresa tutakusoma kwenye taarifa ya habari.

chapa_kazi:
Mkuu unajitesa bure, weka mota ya waipa ya gari, kwenye dohani choma ubani, watoto hawatajua tofauti 😂😂

mwana_ujiji:
@chapa_kazi wao hawatajua ila mi ntajua.

nahodha_wa_bui:
Kaka asalaam aleikum, mimi ni mtu wa Lamu, ya boila nawaachia wenyewe lakini hilo la kulala nalijua toka utotoni. Chombo kinacholala upande mmoja siku zote kimepakiwa vibaya, hicho hamisha shehena. Lakini kinacholala kulia, ukakigusa kikalala kushoto, hakikupakiwa vibaya, ni kizito juu, hakijui kusimama. Ndipo hata betri ukazihamisha mara mia haikusaidii, unapeleka ubavuni shida iliyoko kichwani.

Dawa yake farumi, yaani uzito wa kukituliza chombo chini. Huko Kigoma zile risasi za kuzamishia nyavu zimejaa, ziyeyushe umimine vipande virefu uvilaze chini kabisa juu ya mkuku (uti wa chini wa chombo), katikati, si omo wala tezi, yaani si mbele wala nyuma, na uvifunge visitembee. Boila iteremshe mpaka ikaribie mataruma, ukiacha nafasi ya jiko tu. Hizo deki za juu na boti ndogo na dohani kama umetumia mbao nzito zitoe, weka kadibodi ya plastiki. Na utizame ngama, yaani maji yanayojikusanya chini ndani ya chombo, kikombe kimoja cha maji kinachozunguka humo kinatosha kukipindua, kwa kuwa kikilala maji nayo hukimbilia kukuko.

Kitu kimoja hukosesha watu wa modeli: ukipunguza urefu mara 50, uzito hupungua mara 50 kwa 50 kwa 50. Tani moja ya Liemba kwako wewe ni gramu 8! Kwa hiyo msumari mmoja mzito juu ya deki ni kama umepandisha lori. Usione haya kuweka farumi hata kilo mbili tatu, weka mpaka maji yafike kwenye mstari wake, kisha ilaze kwa mkono uone kama inainuka yenyewe.

bongo_midlands:
Wakuu nawasalimu, niko Uingereza mwaka wa 9, wikendi naendaga kwenye bwawa la klabu ya modeli. Huku zidisha ujazo wa boila kwa lita na presha kwa bar, ikizidi 3 haihesabiwi tena boila ndogo, inapimwa na mkaguzi na unapewa cheti, bila cheti klabu haikuruhusu hata kuwasha. Ya kwako ni lita moja na nusu, kwa bar 3 ni 4.5 na ushee, kwa hiyo fundi_baridi hakutishi, sikiliza.

Naongezea ambayo hawajasema. Gesi ya viberiti ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi, inakaa chini ya meli inakusubiri uwashe. Kabla ya kiberiti puliza ndani na fan ndogo au ipepee na sahani, na kitanki jazia mbali na moto. Halafu pima gesi iishe KABLA ya maji, yaani ukiwa na maji ya dakika 20 weka gesi ya dakika 15, hii ndo kanuni ya kwanza huku. Maji tumia ya mvua au yale ya betri, ila hakikisha ni maji kweli sio asidi, maana dukani chupa zinakaa pamoja. Ya ziwa yataacha ukoko. Mvuke unaotoka kwenye injini upitishe kwenye kopo dogo, oili ibaki humo isiende ziwani.

Rimoti ya gari la mtoto achana nayo, tafuta ya 2.4 GHz yenye failsefu (mawimbi yakikatika inafunga stimu yenyewe), waya wake wa antena ukae juu ya maji kwa sababu mawimbi yale majini hayapiti. Unahitaji sevo (vimota vya kugeuza) mbili tu, usukani na bomba la stimu. Uzikinge na joto.

mwana_ujiji:
Wakuu mrejesho, wiki ya saba leo, Jumapili ile watoto walininunia haswa. Silva niliagizia Dar, ncha nimekunja, fimbo tano ndani. Pampu ya maji nikaipeleka bar 6, kiungo cha geji kikatoa jasho, nikarudia, ya pili ikakauka dakika 20 bila sindano kushuka. Farumi imeingia kilo mbili na robo na sasa ukiilaza inainuka kama mtu aliyeitwa jina. Ziwani sikuanzia, nilienda bwawa la samaki la jirani alfajiri upepo haujaamka, nimeifunga uzi wa ndoano kwa usalama. Imetembea dakika 11, polepole, ile sauti chaf chaf chaf nilisimama nimeziba mdomo. Dakika ya 12 uzi wa ndoano ukajisokota kwenye propela, ikazima katikati ya bwawa, nikaingia na suruali.

Sasa mtoto mmoja kaniuliza mbona haipigi honi. Kuna anayejua kutengeneza honi ya stimu isiyomaliza presha yote kwa mlio mmoja?