Mjadala: Mihadhara na ziara za chama cha historia ya mahali ziongozwe na nani, mtaalamu au mwenyeji?

Hoja ninayoileta hapa inazigawa kamati nyingi za vyama vya historia ya mahali kila zinapokaa kupanga ratiba ya mwaka. Upande mmoja unashikilia kwamba mhadhara utolewe na mtu aliyesomea, anayeweza kuonyesha nyaraka, tarehe na vipimo, na kwamba ziara iongozwe na mtu huyohuyo, ili wanachama wasirudi nyumbani na ngano wakidhani wamepata historia. Upande wa pili unasema kwamba historia ya mahali ni mali ya wenyeji, kwamba mzee aliyesimuliwa na bibi yake anajua asichokijua mgeni mwenye shahada, na kwamba chama kinachoalika maprofesa mwezi baada ya mwezi kimejigeuza tawi la chuo kikuu. Nimezisikiliza pande zote mbili kwa makini, na naona zote zinagombea kiti cha msemaji huku zikiiacha ratiba yenyewe jinsi ilivyo.

Msimamo wangu ni huu. Ziara itangulie mhadhara; mwenyeji na mtafiti wasimame pamoja mbele ya kitu kilekile, kiwe ukuta, kaburi, kisima au barua; na yeyote asiyekubali kuulizwa amejuaje anayoyasema asipewe nafasi ya kuzungumza, awe mzee au profesa.

Mfano ulionifikisha hapa ni wa Kilwa. Tarikhi ya Kilwa, yaani masimulizi ya kale ya watawala wa mji huo wa pwani ya kusini ya Tanzania, ambayo imetufikia kwa maandishi ya Kiarabu na kwa muhtasari wa Kireno uliochapishwa na João de Barros mwaka 1552, inasimulia kuja kwa Ali bin al-Hasan na watu wake kutoka Shiraz, mji wa Uajemi, kwa merikebu saba. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960, alizichunguza sarafu zenye jina la mtawala huyo na kukadiria kwamba alitawala mwishoni mwa karne ya 12, yaani baadaye sana kuliko tarikhi inavyodai, na makadirio hayo yakaaminiwa kwa miaka mingi. Kisha mwaka 1984 ikafukuliwa Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, za Ali bin al-Hasan zikiwemo, pamoja na dinari chache za dhahabu ambazo tarehe ya karibuni zaidi iliyosomeka juu yake ni 1066. Mtawala akarudishwa nyuma hadi karne ya 11. Masimulizi yalikuwa yameukaribia ukweli kuliko makadirio ya mtaalamu, lakini kilichotuwezesha kulijua hilo ni kazi ya wataalamu waliofuata, wakiwa na sarafu mikononi.

Wanaotetea wenyeji wasishangilie mapema. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate nchini Kenya, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980 na kukuta, chini ya misikiti ya mawe, mabaki ya misikiti midogo ya miti, ya kwanza ikikadiriwa kuwa ya karne ya 8. Kwa hiyo palikuwa na mji na palikuwa na Waislamu kabla ya merikebu yoyote ya Shiraz inayotajwa na tarikhi. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, ambao ulichunguza mabaki ya watu 80 wa pwani na bara jirani, ulionyesha kwamba watu wa asili ya Kiafrika, hasa wanawake, na watu waliotoka Uajemi, hasa wanaume, walianza kuchanganyika karibu mwaka 1000. Matokeo hayo yanaipa nguvu sehemu ya simulizi, ila ikumbukwe kwamba wengi wa waliochunguzwa walizikwa karibu na misikiti, mahali ambapo kwa kawaida walizikwa watu wenye cheo na mali. Mvuvi na mkulima wa Kilwa hawajasema neno bado.

Sasa fikirieni ratiba ya kawaida ingeyashughulikiaje haya yote. Mwezi wa tatu angekuja mwanaakiolojia na picha zake za tabaka za udongo. Mwezi wa tano angekuja mzee wa mji na simulizi la merikebu saba. Kila mmoja angepigiwa makofi, na wanachama wangeondoka na yule aliyewapendeza. Swali lenye thamani kuliko yote, yaani kwa nini watu waliokuwa na mji wao tayari walichagua kujieleza kwa kisa cha waliokuja na bahari, lisingeulizwa na mtu yeyote, kwa sababu wawili hao hawakukutanishwa. Wangekutana mbele ya msikiti mmoja, mzee angeulizwa alisimuliwa na nani na katika hafla gani, mtafiti angeulizwa alichimba mita ngapi na akaacha wapi, nasi tungepata historia iliyo hai. Mhadhara ungefuata wiki mbili baadaye, ukijibu maswali yaliyozuka pale uwanjani badala ya maswali ambayo msemaji alijitungia mwenyewe.

Ushahidi wa pili ni wa Majimaji, vita vya mwaka 1905 hadi 1907. Maandishi ya utawala wa Kijerumani yaliwaonyesha wapiganaji kama watu waliopumbazwa na ushirikina. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi ulioongozwa na Gilbert Gwassa na John Iliffe, waliwaendea wazee waliokuwa bado wanakumbuka, au waliosimuliwa na wazazi wao, wakaandika habari za mashamba ya pamba ya kulazimishwa, kodi, viboko vya maakida, yaani wasimamizi wa wenyeji kwa niaba ya Wajerumani, na namna habari za maji ya dawa ya mganga Kinjikitile zilivyosafiri kutoka Ngarambe. Bila wazee hao tungebaki na ripoti za watawala waliowanyonga wapiganaji. Hata hivyo, wanahistoria waliokuja baadaye, Thaddeus Sunseri na Jamie Monson miongoni mwao, wameonyesha kwamba usomaji wa miaka ile, katika nchi changa iliyokuwa inatafuta mwanzo wa umoja wake, uliegemea zaidi upande wa vita vya pamoja dhidi ya mkoloni, na kwamba ugomvi wa wenyeji kwa wenyeji na maisha ya ndani ya kaya yalipata nafasi ndogo. Simulizi la mzee halijitokezi lenyewe. Hujibu swali, na swali lina mwenyewe. Ndiyo maana siungi mkono wazo la kumkabidhi mzee kipaza sauti kisha sote tukae kimya kwa heshima. Heshima ya kweli kwa msimulizi ni kulichukulia neno lake kwa uzito wa kutosha kulipima.

Kuna waliosema katika mijadala ya aina hii kwamba masimulizi yakipingana na maoni ya wakubwa hayana bahati ya kusikilizwa hata yakiwa sahihi. Wako sawa, na mfano mzito upo. Msafara wa nahodha Mwingereza John Franklin uliondoka Uingereza mwaka 1845 ukapotelea katika barafu ya kaskazini mwa Kanada. Mwaka 1854 mpelelezi John Rae alirudi na habari alizopewa na Wainuiti, wenyeji wa kaskazini ile, kwamba mabaharia walikufa njaa na baadhi yao walikula nyama ya wenzao, na Waingereza wengi wakawakejeli watoa habari hao kuwa waongo. Katika miaka ya 1990 mifupa ya mabaharia ilipochunguzwa ilikutwa na alama za visu, na mwaka 2014 Erebus, mojawapo ya merikebu za msafara huo, ikapatikana chini ya maji katika eneo ambalo masimulizi ya Wainuiti yalikuwa yakilitaja. Miaka 160 ilipotea kwa sababu wasikilizaji walipima cheo cha msemaji wakaacha kupima maneno yake. Kosa hilohilo hufanywa na kamati inayosema mwenyeji aongoze ziara kwa kuwa tu ni mwenyeji.

Kuhusu utekelezaji, jambo linalonikera zaidi ni posho. Vyama vingi humlipa mtaalamu nauli, malazi na bahasha, kisha mzee aliyetembea na wanachama juani kutwa nzima hupewa shukrani za mdomo. Kama wote wawili wameleta maarifa, wote walipwe kwa kipimo kimoja, na kama chama hakina fedha, basi wote wajitolee. Ziara ipangwe kwa mwendo wa aliye mzee kuliko wote, pawe na usafiri na mahali pa kukaa, la sivyo tutakuwa tunawasikiliza tu wenye miguu mizima. Sauti irekodiwe kwa ridhaa iliyotolewa kabla ya kuanza, nakala abaki nayo msimulizi mwenyewe, na yaandikwe jina la aliyeuliza pamoja na swali lenyewe. Na mtu asiguse ardhi. Huko Great Zimbabwe, mji wa kale wa mawe nchini Zimbabwe, Richard Hall, mwandishi wa habari aliyekabidhiwa magofu mwaka 1902, aliondoa tabaka za udongo zilizobeba ushahidi wa wakazi Waafrika akidhani anasafisha uchafu. Wanaakiolojia David Randall-MacIver mwaka 1905 na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929 walithibitisha kwamba magofu yale ni kazi ya Waafrika, lakini udongo uliotupwa haukurudishwa na mtu.

Pingamizi ninaloliona kuwa na uzito ni la kwamba mzee ataaibika akiulizwa mbele ya watu, na kwamba kijana kumhoji mkubwa wake hadharani ni utovu wa adabu. Jibu langu ni kwamba adabu ni suala la namna ya kuuliza. Mwenyekiti akutane naye siku chache kabla, amweleze kwamba mtafiti naye ataulizwa vilevile, na maswali yaanze na yale anayoyajua vizuri zaidi: majina ya mashamba, njia za zamani, nani alijenga nini. Wazee wengi wanaumizwa zaidi na kupuuzwa kuliko kuulizwa. Gharama ya kuwaleta watu wawili ni kubwa, sikatai. Basi na tupange mikutano sita iliyoandaliwa vizuri badala ya kumi na miwili ya kujaza kalenda.

Linabaki jambo ambalo ningependa wachangiaji mlijadili kwa kina, kwa sababu linahusu haki za watu walio hai. Ipo familia ambayo babu yao alikuwa akida, au mfanyabiashara wa watumwa, au mtumwa, na hawataki kaburi lake liwe kituo cha ziara. Binafsi naona kwamba yaliyomo katika nyaraka za umma yanaweza kusemwa katika mhadhara, kwa lugha ya staha, lakini kukanyaga ua wa watu na kutaja ukoo wao kwa jina kunahitaji idhini yao, na wakikataa, chama kiandike katika kumbukumbu zake kwamba mahali hapo pamerukwa na kwa sababu gani. Wanaoona kwamba idhini hiyo itawapa jamaa za wakubwa nafasi ya kuufuta ukweli, waeleze wao wangeweka mpaka wapi.