Zabibu ya pori juu ya chulu: ni zabibu kweli ao ni nini?

Mama wa Chulu (Lubumbashi)
Bandugu, jambo yenu. Miye niko na shamba kidogo njia ya Kipushi, katikati kuko chulu kubwa (kichuguu cha muchwa) ile siye hatukuilima. Tangu mvua ilianza kuko kamba moja inapanda pale, imefunika nusu ya chulu, majani yake iko tano tano kama vidole vya mukono, matunda madogo imeanza kuiva, nyeusi-nyekundu, ukiangalia mbali unasema ni zabibu ya dukani. Juzi batoto balionja mbili tatu, dakika kidogo tu banashika midomo, inabawasha, mudogo analia. Leo bako muzuri, Mungu asaidie. Lakini jirani anasema ni zabibu ya pori, bazee balikuwa banakula. Ntajuaje kama ni zabibu kweli? Na je, niikate?

Yaya wa Kasapa
Pole sana mama. Usibaache baionje tena, na kama mutoto anavimba mudomo ao koo, usingoje, mupeleke hospitali. Kuwasha kule ni vile hii familia ya zabibu mingi yake iko na sindano ndogo ndogo za kalisiamu oksalati ndani ya majani na matunda, macho haizione lakini ulimi unazisikia.

Sasa kwa kujua: achana na majani kwanza, majani inadanganya watu wengi. Angalia ile kikono, kamba nyembamba inajisokota na kushika miti. Inatokea wapi? Kwa marakuja inatoka kwenye kwapa la jani, pale kikonyo cha jani kinaungana na shina. Kwa maboga inatoka pembeni ya jani. Kwa familia ya zabibu inatoka upande wa pili, inatazamana na jani: jani kushoto, kikono kulia, kwenye kifundo kile kile. Ukiona vile, uko ndani ya familia, hata kama hujui jina bado.

Mama wa Chulu
Yaya nimetoka shamba sasa hivi. Iko vile vile ulisema, jani upande huu, kikono upande ule, na kwenye kifundo imevimba kidogo. Basi ni zabibu?

Kijana wa Bukavu
Mama, ni ndugu ya zabibu, lakini ndugu ni wengi. Zabibu yenyewe ya divai, Vitis, ina petali (vijani vya ua) tano zilizoshikana juu, ua likifunguka zinaanguka pamoja kama kofia. Huku kwetu porini tunakutana zaidi na Cissus, Cyphostemma, Ampelocissus, Rhoicissus. Mimi niliteseka nazo mwaka mzima nikisoma mimea, kila siku nachora majani tu na kila siku nakosea, mpaka mwalimu mmoja akanipa lupu, kioo kidogo cha kukuza, akaniambia fungua kichipukizi cha ua. Kama bado kuna maua yasiyofunguka, fanya hivi: chukua moja, liweke kwenye kucha, uangalie umbo lake kabla ya kulifungua, kisha hesabu petali. Nne ao tano? Cissus na Cyphostemma zina nne. Ampelocissus ina tano, Rhoicissus tano mpaka saba. Halafu Cissus nyingi jani lake ni moja lisilogawanyika, Cyphostemma kwa kawaida ni vijani vitatu, vitano, ao zaidi kwenye kikonyo kimoja. Ukikuta kitabu cha zamani kinaita yote Cissus usishangae, Cyphostemma ilitenganishwa kuwa jenasi yake (kundi lake la spishi) baadaye.

Mama wa Chulu
Nimefanya. Nilitumia kamera ya simu, nikavuta karibu. Ile kichipukizi iko kama kibuyu kidogo sana, chini nene, katikati kiuno, juu nene tena. Nikafungua na sindano: petali nne. Ndani kuko vitu vinne vidogo vya rangi ya njano vimetengana, kila kimoja peke yake. Na kwenye vikonyo vya maua kuko nywele nyekundu zenye kubandika mukono kama gundi. Tunda nimepasua, kokwa moja tu.

Kijana wa Bukavu
Hapo mama umemaliza kazi! Kiuno kwenye kichipukizi pamoja na tezi nne zilizotengana, hiyo ni Cyphostemma. Cissus ya kweli haina kiuno kile. Spishi gani, sitasema kwa simu, Afrika ina zaidi ya 200 na Katanga imejaa. Kata tawi lenye jani, kikono, ua na tunda, likaushe katikati ya magazeti, andika mahali na tarehe, peleka kwa watu wa mimea chuo kikuu.

Yaya wa Kasapa
Na usiikate haraka. Mingi iko na kiazi chini, ukikata inarudi tu, bora uzibe njia ya batoto. Zabibu ya pori ile bazee banasema mara nyingi ni Ampelocissus.

Mama wa Chulu
Aksanti sana bote. Basi nyuma ya nyumba kuko ingine, majani mapana yenye manyoya kama kutu, na shina la maua lenyewe iko na kikono.

Yaya wa Kasapa
Kikono kwenye shina la maua! Hii inaweza kuwa ile Ampelocissus. Hesabu petali mama, nangojea. Matunda musionje bado, tafadhali.