Mjadala: "Apita bila kupingwa" ni habari au ni kampeni?

Ndugu zangu, naomba tulijadili hili. Kila msimu wa uchaguzi magazeti yetu hutuandikia kuwa fulani "apita bila kupingwa". Mimi nasema maneno hayo yanapotosha, na wahariri wayaache.

Mwaka 2019, katika uchaguzi wa serikali za mitaa hapa Tanzania, wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, wengi wao wakiambiwa wamekosea kujaza fomu. CHADEMA na ACT-Wazalendo wakajitoa, chama tawala, CCM, kikatangazwa mshindi wa zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Siku hizo asubuhi nilisimama kwenye meza ya magazeti, tunasoma vichwa vya habari kama kawaida yetu, gazeti hanunui mtu. Mzee mmoja akasoma kwa sauti: "Wapita bila kupingwa." Akaridhika. "Basi watu wanawapenda," akasema, akaenda zake. Angekuta pameandikwa "Wapita baada ya wapinzani kuenguliwa", angeondoka na maneno yale yale?

Litazameni neno lenyewe. Mtu aliyechukua fomu, akaijaza na kuirudisha, huyo ameshapinga. Kichwa cha habari kinamfuta kana kwamba hakuwahi kutoka nyumbani kwake. Hata hilo "walienguliwa" tunaloliona afadhali lina walakini: nani kawaengua? Kitendo kimebaki, mtendaji hayupo.

Wapo wanaosema hiyo ni lugha ya sheria, mwandishi anaripoti tu alichotangaza msimamizi. Sawa, basi akinukuu ndani ya habari. Kichwa ni mali ya gazeti, na ndicho kinachosomwa redioni alfajiri, watu wakiwa kwenye daladala bila nafasi ya kusoma kilichoko chini yake.

Wala silisemi hili kwa upande mmoja. Mwaka 2015 mikutano ya Lowassa, mgombea urais wa upinzani, iliitwa "mafuriko". Mafuriko hayahesabiki na hayazuiliki, kura huhesabiwa. Yalipotangazwa matokeo, asilimia 39.97 zake kwa 58.46 za Magufuli wa CCM, nawajua watu waliopigwa na butwaa, maana picha waliyokuwa nayo kichwani ilikuwa ya maji tu.

Sasa nawauliza mnaoandika vichwa hivyo: idadi ya walioenguliwa, na jina la ofisi iliyowaengua, vinashindikana vipi kuingia kwenye mstari ule ule wenye jina la mshindi?