Saa ya dhahabu ya nyanya, mgongo wa enameli: kweli ilitoka kwa Sultan Barghash?

binti_kibokoni
Habarini wadau. Nyanya aliniita Mombasa akanipa saa ya mfukoni ya dhahabu, ndogo tu, ukiifumbata kwa kiganja haionekani, mgongoni ina enameli ya buluu iliyokolea na maua madogo meupe na ya waridi, karibu na bawaba rangi imebanduka kidogo. Sasa niko nayo huku South C, Nairobi. Ami anasema ni zawadi Sultan Barghash wa Zanzibar alimpa babu wa babu yetu, na hiyo hadithi nimeisikia tangu utotoni, nyumba nzima inaijua. Nikapita kwa sonara mmoja hapo tao, hata kuifungua hakuifungua, akaitupa kwa mizani akanitajia bei ya gramu. Iliniuma sana. Siuzi, nataka tu kujua ni ya miaka gani na ilifikaje kwetu. Naanzia wapi?

fundi_saa_rivaroad
Dada asante kwa kutoiacha pale. Kwanza usiisugue na kitu chochote, na usiitie ufunguo ati uone kama inatembea, mafuta ya ndani yashaganda na ukiilazimisha vyuma vinalana. Halafu mtu yeyote asiilete karibu na moto wa kuchomelea hata kama anataka tu kukaza kipete cha juu, hiyo enameli ni unga wa kioo uliyeyushiwa juu ya dhahabu kwa joto la kama nyuzi 800, ikipata moto upande mmoja inapasuka na kuirudisha ni balaa.

Sasa fungua kifuniko cha nyuma polepole kwa ukucha, upige picha kwa simu uvute karibu. Kama ni ya Uswisi tafuta kamhuri kadogo sana: kichwa cha mwanamke ni karati 18, kindi ni karati 14. Hiyo mihuri ilikuja na sheria yao ya 1880, kwa hivyo ukiiona jua saa haijatengenezwa kabla ya hapo.

binti_kibokoni
Kindi yuko!! Mdogo kuliko punje ya mchele lakini anaonekana vizuri. Kifuniko cha pili cha ndani kimeandikwa CUIVRE, na kando kuna tarakimu zimekwaruzwa kama kwa ncha ya sindano, hazisomeki zote.

mzee_pangani
Mwanangu, hadithi ya ami usiitupe ila ipime. Barghash alitawala 1870 hadi 1888 na Mombasa wakati huo ilikuwa chini ya Zanzibar, kwa hivyo mtu wa Mji wa Kale kupata zawadi ya Sultan si jambo la ajabu. Lakini na huo mhuri mnabakiwa na miaka michache sana hapo katikati, na zawadi ya mfalme mimi ningetegemea kuikuta ina jina lake au maandishi ya Kiarabu, tena dhahabu ya juu zaidi. Nenda pale Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, uulizie magazeti rasmi ya serikali ya zamani, yanaanzia 1899, humo kulikuwa na matangazo ya mirathi na unaweza kukuta jina la mzee wenu. Na nyanya akiwa bado anaongea vizuri mrekodi sasa, usingoje Idd.

fundi_saa_rivaroad
Naongezea. Hicho kifuniko cha CUIVRE ni shaba, ndio kawaida ya saa hizo. Tarakimu za kukwaruza ni zetu mafundi, kila akiifungua kuitengeneza anaacha alama yake, maana yake kuna watu waliitunza na kuilipia. Lakini lililonishtua ni udogo wake na hayo maua. Dada, hiyo ni saa ya mwanamke. Uswisi walitoa nyingi sana za namna hiyo mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, zilikuwa zinaning'inizwa kifuani kwa bruchi au mkufu. Mimi nisingeuliza babu alipewa na nani. Ningemuuliza nyanya YEYE alipewa na nani.

binti_kibokoni
Nimempigia saa hii tu na nikarekodi. Nyanya alipewa na mama yake, na mama yake alivishwa na nyanya yake mwenyewe siku ya harusi, ikafungwa kifuani kwa mkufu, na huyo nyanya aliinunua kwa pesa zake za kushona kofia kutoka kwa mfanyabiashara wa Kihindi. Nikamuuliza mbona hakuwahi kusema, akaniambia hakuna aliyemuuliza, wanaume ndio walikuwa wanasimulia barazani. Jina la huyo bibi mimi sikuwahi kulisikia maisha yangu yote na leo nimeliandika na la baba yake na mtaa aliokaa.

Mzee shukran, Nyaraka nitaenda, ila sasa natafuta jina la mwanamke. Fundi, Jumamosi uko? Nataka ifunguliwe isafishwe na itiwe mafuta, pale palipobanduka paachwe hivyo hivyo.

fundi_saa_rivaroad
Niko hadi saa tisa. Ifunge kwa kitambaa laini, usiiweke pamoja na funguo.