Kuwapikia watalii katika shamba la viungo Zanzibar: vibali na usafi

Mkulima wa Kizimbani
Assalaam alaykum. Tuna eka tatu zenye karafuu, mdalasini na iliki, na asubuhi nyingi wageni hupitishwa humo kunusa na kuonja. Waongozaji wao wanatuomba tuwapikie pilau na mchuzi wa samaki, wale papo hapo juu ya mikeka chini ya banda la makuti. Mke wangu na dada yake ni wapishi hodari, ila maji yetu ni ya kisima na choo ni kile cha nyumbani. Mtu mmoja ameniambia niende BRELA kusajili biashara na TBS kwa usalama wa chakula; mwingine amesema shamba ni langu, hakuna wa kuniuliza. Nianzie wapi? Na matunda tunayowakatia wageni waonje, nayo yanahesabiwa?

Bwana Afya Mstaafu
Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Wote wawili wamekupoteza. BRELA na TBS ni za Bara, na TBS yenyewe ilikabidhiwa usalama wa chakula huko mwaka 2019. Kwetu jina la biashara husajiliwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali (BPRA), na chakula kiko chini ya Wakala wa Chakula na Dawa (ZFDA), kwa Sheria Namba 2 ya 2006. Kwa leseni utakwenda Baraza la Manispaa Magharibi A, na kwa kuwa wateja wako ni watalii, uonane pia na Kamisheni ya Utalii. Kabla ya yote, mfahamishe sheha wako. Mashamba ya eka tatu yalitolewa na Serikali kwa kilimo, basi usijenge jiko la kudumu kabla ya kuuliza Kamisheni ya Ardhi.

Matunda yanahesabiwa, kwani embe lililokatwa kwa kisu kilichooshwa kwa maji machafu humdhuru mgeni sawasawa na mchuzi uliochacha.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hiyo pilau. Mchele una vijidudu vinavyostahimili mchemko, na wali ukiachwa uvuguvugu kwa saa kadhaa vijidudu hivyo huzaliana na kutoa sumu ambayo kupasha moto tena hakuiondoi. Chakula cha moto kibaki juu ya nyuzi 60 za Selsiasi, na cha baridi kisizidi nyuzi 5. Jodari naye, akikaa juani tangu diko hadi shamba, hujenga sumu isiyokufa kwa kupikwa, hata viungo vyako viwe vizuri namna gani. Mnunue akiwa ndani ya barafu.

Bint wa Dole
Nakubaliana na mzee wetu. Sisi nasi tulipoomba kibali cha kuwapikia wageni, wakaguzi waliturudisha mara ya kwanza, na kosa halikuwa jikoni: kisima kilikuwa wazi na karibu mno na choo, wala hapakuwa na mahali pa kunawa. Tulikifunika kisima, tukachimba choo kipya upande wa chini wa mteremko, tukaweka dumu lenye koki na sabuni mlangoni, na maji ya kunywa na ya kuoshea matunda tukayatia dawa ya klorini. Wahudumu wote tuliwapeleka kupimwa afya, pamoja na kijana anayekwea minazi, maana yeye ndiye anayewafungulia wageni madafu, jambo ambalo sisi wenyewe hatukulifikiria.

Kuhusu wali, tatizo ni madereva, ambao husema saa sita wakafika saa nane. Siku hizi hatuinjiki sufuria mpaka dereva apige simu kwamba ametoka Mji Mkongwe.

Mzawa wa Bumbwini
Kwa gharama zote hizo, mimi ningebaki na matunda na chai ya viungo. Wakati wa kipindupindu cha 2015 na 2016 biashara nyingi za chakula zilisimama, na mwenye jiko dogo ndiye aliyeumia zaidi.

Mkulima wa Kizimbani
Ahsanteni sana. Je, tukipika nyumbani tukaleta chakula shambani, tutaepuka ukaguzi wa jiko?

Bwana Afya Mstaafu
La, ndugu. Litakaguliwa jiko la nyumbani, na utaulizwa pia chakula kilisafirishwa ndani ya chombo gani na kwa muda gani. Pika shambani, maadamu banda unalo; sakafu iwe ya saruji, na kuku wasipite.