Kijana wangu wa miaka 11 anapenda mpira: nimpeleke kituo cha bweni Dar au aendelee na timu ya mtaani? Naomba ushauri

Mzazi wa Kihonda

Heshima kwenu wakuu, na shikamooni wale mlionizidi umri.

Nina kijana wa miaka 11, anasoma darasa la tano hapa Morogoro, na tangu mwaka jana anafanya mazoezi na timu ya watoto ya mtaani kwetu inayokutana jioni, siku tatu kwa wiki. Mpira anaupenda mno, hata akitumwa dukani huenda akipiga danadana njia nzima, nami sina nia ya kumzuia mradi shule haiporomoki.

Kinachonisumbua ni mazoezi yenyewe. Watoto hufika zaidi ya ishirini, huanza kwa kuzunguka uwanja mpaka wengine wanashika viuno, kisha hupangwa mstari mmoja mrefu wa kupiga mashuti golini kwa zamu, na mwisho hugawanywa timu mbili na kucheza uwanja mzima wa watu wazima kwa mpira mmoja namba 5. Jumamosi iliyopita nilikaa pembeni nikamfuatilia yeye peke yake. Muda mwingi alikuwa akiukimbiza mpira bila kuufikia, na mara chache ulipomfikia ulimtoka mguuni hatua mbili mbele, akanyang'anywa kabla hajainua kichwa.

Sasa jamaa yangu mmoja amenieleza habari za kituo cha bweni kilichoko Dar es Salaam, ambacho ada yake kwangu ni mzigo, lakini wenyewe wanaahidi kwamba mtoto akifikisha miaka 15 watampeleka kufanya majaribio Ulaya. Mama yake hataki hata kulisikia jambo hilo. Naomba wenye uzoefu mnieleze ni kipi hasa kinachomfanya mtoto wa umri huu aendelee kiufundi, na kama kweli hakiwezi kupatikana hapa tulipo.

Kocha wa Mchangani

Mleta mada, umefanya vizuri kumwangalia mtoto wako badala ya kuuliza matokeo ya mechi kama wafanyavyo wazazi wengi. Mimi nafundisha watoto hapa Mwanza, na uliyoyaeleza nayaona kwenye viwanja vingi.

Kabla hatujamlaumu kocha wenu, hesabu mipira. Mtu aliyepewa watoto zaidi ya ishirini na mpira mmoja hana ujanja; atawakimbiza na kuwapanga mstari kwa sababu hiyo ndiyo njia pekee ya kuwashughulisha wote kwa pamoja. Jambo hilo halitatuliwi kwa kumhamisha mtoto mmoja, bali kwa wazazi kuchanga mipira mitatu au minne, tena iwe namba 4, ambayo ndiyo saizi inayowafaa watoto wa miaka 8 hadi 12 hivi. Namba 5 ina mzunguko wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450, vipimo vilevile vya mpira unaochezewa Ligi Kuu, na mtoto wa darasa la tano akiupokea kwenye ardhi iliyokauka kwa kiangazi utamshinda hata kama ana kipaji.

Mipira ikishapatikana, uwanja ukatwe kwa upana viwe viwanja vidogo vitatu, watoto 24 wacheze wanne kwa wanne. Hapo hakuna pa kujificha: mpira unamrudia kila mtoto tena na tena, kila mara kuna mpinzani mbele yake, na kila mara anapaswa kuamua kama atatoa pasi, atakokota au atapiga. Nchi zilizoendelea kisoka zilikwisha kulikubali hili. Uingereza kwa miaka mingi watoto wadogo walianza na watano kwa watano, wakapanda hadi saba, kisha tisa, na kumi na moja kwa kumi na moja ilikuja katika ngazi ya chini ya miaka 13. Ujerumani nayo, kuanzia msimu wa 2024/25, imefanya iwe lazima kwa watoto wadogo kabisa kucheza wawili kwa wawili au watatu kwa watatu, kwa magoli madogo manne.

Hayo magoli manne yana maana yake. Kila timu ina magoli mawili ya kushambulia, moja kila pembe, kwa hiyo beki akiziba moja, mwenye mpira analazimika kuinua kichwa, kuona upande wa pili uko wazi, na kugeuka. Mtoto wako amenyang'anywa "kabla hajainua kichwa", kama ulivyoandika mwenyewe. Basi huo ndio mchezo unaomfaa, na magoli ni mawe manane tu.

Nyumbani mtafutie ukuta. Apige pasi kwa ndani ya mguu, mpira ukirudi autulize kwa mguu mmoja na aupige kwa mwingine, kulia na kushoto, bila haraka. Akishazoea, wewe simama nyuma yake upande mmoja. Mpira ukiwa bado njiani kutoka ukutani, yeye ageuze shingo haraka, aseme umeonyesha vidole vingapi, kisha ndipo aupokee. Mwanzoni utamtoka, tena sana. Lakini zoezi hilo dogo ndilo linalomjengea tabia ya kutazama kabla mpira haujafika, na mchezaji aliyekwisha kutazama hupata nafasi hata kama hana mbio.

Winga Mstaafu

Kocha, kwa heshima zote, naona watoto wa siku hizi tunawadekeza. Sisi tulikua na chandimu Temeke, hakuna aliyetukatia uwanja wala kutuonyesha vidole, na tulizunguka uwanja mpaka pumzi ikakaa sawa. Mtazameni Mbwana Samatta: alitoka African Lyon akaenda Simba, mwaka 2011 akachukuliwa na TP Mazembe ya Lubumbashi, Kongo, akatajwa mchezaji bora wa mwaka 2015 kwa wanaocheza ndani ya Afrika, akapita Genk ya Ubelgiji, na Januari 2020 akasajiliwa Aston Villa akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Mwacheni mtoto acheze mtaani na akimbie, ufundi utakuja wenyewe.

Kocha wa Mchangani

Kaka, hapo kwenye chandimu mimi na wewe hatupingani. Chandimu ni nini kama si wanne au watano kila upande, kichochoroni, magoli ya mawe, hakuna mtu mzima anayepiga filimbi? Hicho ndicho ninachotaka kirudi uwanjani, kwa sababu mitaa mingi vichochoro vimejengwa na watoto hawana pa kuchezea.

Ila chandimu ina upungufu wake, na wanaoisifu huwa hawausemi. Mpira wa makaratasi na nailoni haudundi. Unakaa karibu na mguu, kwa hiyo unafundisha chenga, tobo na ujanja wa mwili kuliko kitu chochote. Lakini mpira huohuo haumfundishi mtoto kuushusha mpira wa juu kwa kifua au kwa paja, wala haumfundishi kupiga pasi ya mita ishirini ikafika mguuni mwa mwenzake. Nimepokea vijana wa miaka 15 wenye chenga za kupendeza kabisa ambao mpira ukija kwa hewa wanageuza mgongo. Ndiyo maana nasema mtoto apate vyote viwili: chandimu kadiri anavyotaka, na mpira halisi wa saizi yake kwa mazoezi ya kupokea na kupiga.

Kuhusu kuzunguka uwanja, mtoto wa miaka 11 hupata pumzi katika mchezo wenyewe. Ukitumia theluthi ya mazoezi kumkimbiza bila mpira, umemnyima theluthi ya kujifunza. Akipasha mwili joto, na apashe kwa mchezo wa kukimbizana huku kila mtoto akikokota mpira wake, au wakipokezana mpira mmoja kwa wawili kama ni michache.

Winga Mstaafu

Hapo kwenye mipira ya juu umenigusa, nakubali. Kuhusu mbio bado sijashawishika.

Mama Kiungo

Habari zenu. Mimi niko Tanga, na mwanangu ni wa kike, ana miaka 13, hucheza na wavulana kwa sababu timu ya wasichana wa rika lake haipo karibu. Nawakumbusha wale wanaodhani ushauri huu ni wa watoto wa kiume tu kwamba ni timu yetu ya wasichana, Serengeti Girls, iliyokwenda Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 nchini India mwaka 2022 na kufika robo fainali.

Nataka kusema jambo ambalo wanaume hapo juu wamelipita: kelele zetu wazazi. Mtoto akipokea mpira tu, utasikia watu wazima wanne wanapiga kelele kwa pamoja, mmoja "toa!", mwingine "piga mbele!", mwingine "usicheze nyuma!". Anaogopa, anaupiga popote ili balaa limwondokee, nasi tunampigia makofi kwa kuwa mpira umekwenda mbali. Mtoto wa namna hiyo hajifunzi kupiga chenga kwa sababu kupoteza mpira kumegeuzwa aibu. Sisi hapa wazazi tulikubaliana na mwalimu kwamba wakati wa mazoezi ruhusa yetu ni kupiga makofi tu, na aliyejaribu kumpita mtu akashindwa hagombezwi. Mabadiliko niliyaona kwa binti yangu kabla ya likizo kufika, kwani alianza kuuomba mpira badala ya kuukwepa.

Fizio wa Dodoma

Nitaongeza machache kuhusu mwili. Kati ya miaka 10 na 15 hivi, mtoto anaporefuka kwa kasi, wengi hupata maumivu kwenye kinundu kilicho chini kidogo ya goti. Wataalamu huyaita maumivu hayo Osgood-Schlatter, na husababishwa na msuli wa paja kuvuta mara kwa mara sehemu ya mfupa ambayo bado inakua. Dawa yake kwa kawaida ni kupunguza mzigo wa kukimbia, kuruka na kupiga mashuti mpaka maumivu yatulie, wala si kumwambia avumilie. Akivimba sana au akichechemea, aonwe hospitali.

Kwenye uwanja mkavu epukeni njumu zenye meno marefu. Raba au viatu vya meno madogo mengi ya mpira vinatosha kabisa. Mipira ya kichwa pia isiwe zoezi la kurudiarudia kwa umri huo. Shirikisho la soka la Marekani lilitangaza mwaka 2015 kuwazuia kabisa watoto wa miaka 10 na chini yake kupiga mpira kwa kichwa, na hapa kwetu hatuna sababu ya kuwa na haraka nalo.

Mtu wa Kanuni

Mleta mada, nijibu suala la kituo. Kanuni za FIFA zinakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa katika mazingira machache yaliyoainishwa, kwa mfano wazazi wanapohamia nchi nyingine kwa sababu zisizohusiana na mpira. Anayekuahidi Ulaya kwa mtoto wa Kitanzania mwenye miaka 15 akuonyeshe kwa maandishi ni klabu gani na ni kwa msingi upi, na akianza kukwepa, funga mazungumzo. Huyo Samatta aliyetajwa hapo juu alizaliwa Desemba 1992, hivyo alipokwenda Lubumbashi alikuwa amekwisha kutimiza miaka 18.

Tunza cheti chake cha kuzaliwa, na asitokee mtu wa kukushawishi umpunguzie umri. Tangu mwaka 2009 FIFA hutumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono, yaani picha inayoonyesha mifupa imekomaa kiasi gani, kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17, na mashindano ya vijana barani Afrika nayo hutumia kipimo hicho.

Mzazi wa Kihonda

Wakuu, nawashukuru mno, na Mama Kiungo nimekuelewa, maana mmoja wa hao wapiga kelele ni jirani yangu na mwingine ni shemeji. Suala la kituo nimeliweka kando, na nyumbani kuna amani.

Nimebaki na mawili. Kwanza, kocha wetu ni mzee wa makamo, anajitolea bila malipo, na si mtu wa kupenda kuelekezwa. Nikimwendea na haya ataona nimekuja kumfundisha kazi. Pili, kwa kuwa mwanangu ni mrefu kuliko wenzake, amemfanya beki wa kati wa kudumu. Je, ni sawa kwa umri huu?

Kocha wa Mchangani

Usimwendee na maneno, mwendee na mipira. Wazazi watatu au wanne mkachange, mkampelekee kabla ya mazoezi siku moja, mshukuruni kwa kujitolea kwake, halafu mwulize: "Mwalimu, kwa kuwa sasa mipira ipo, ungependa tukusaidieje kusimamia?" Nina hakika atawagawa watoto mwenyewe, kwa sababu kocha mwenye mipira minne hawezi kuvumilia kuona mitatu imelala. Wewe omba kusimamia kiwanja kimoja, uweke yale mawe manane, na ukae kimya. Akiona watoto wa upande wako wanacheza kwa furaha, atakuja kuuliza.

Kuhusu nafasi, kumfunga mtoto beki wa kati akiwa na miaka 11 kwa ajili ya urefu ni mapema mno. Urefu wa leo huenda ni wa kutangulia tu. Wenzake watamfikia wakiwa na miaka 14 au 15, naye atajikuta ni beki wa kawaida ambaye hakuwahi kujifunza kugeuka na mpira. Mwombe mwalimu kwa upole ampe nusu ya mechi moja kwa wiki katikati ya uwanja, ambako mpira humjia kutoka pande zote na hakuna njia ya kuupokea bila kutazama kwanza. Siku nyingine acheze winga. Na siku kipa asipofika, mwache adake yeye, maana akiwa golini ataona vizuri jinsi wenzake wanavyojipanga, jambo ambalo akiwa kwenye mbio halioni.

Mipira namba 4 chagueni ya kushonwa, na msiijaze upepo kupita kiasi, kwani kwenye ardhi ngumu mpira uliojaa sana unadunda usiotulizika. Ubonyeze kwa kidole gumba. Ukiona haubonyei hata kidogo, punguzeni.